Mpunga, Mchele, Wali: Tuyaite Mawe ya Angani kwa Majina Yake

Mheshimiwa mgeni rasmi, wazee wetu wa Mbozi, walimu wenzangu, wageni mliotoka karibu na mbali, na ninyi wanafunzi mliofika hapa mapema kuliko sisi sote: itifaki imezingatiwa. Wazee wangu, shikamooni. Wanangu, hamjambo?

Nimepewa nusu saa kuzungumzia vimondo, na nitaitumia yote kugombea majina. Jina sahihi la jiwe la angani linakueleza liko wapi sasa, limepita wapi, na kama una sababu ya kuliogopa. Ukikosea jina, habari nzima imekupita.

Tuanze na tarehe yenyewe. Leo ni 30 Juni. Mwaka 2016 Umoja wa Mataifa uliitenga tarehe hii kuwa Siku ya Kimataifa ya Asteroidi, kwa kumbukumbu ya asubuhi ya 30 Juni 1908, pale kitu kutoka angani kilipolipuka juu ya msitu wa Tunguska huko Siberia na kulaza miti katika eneo la kilomita za mraba zipatazo 2,000. Sisi huku tumezoea kuiita Siku ya Kimondo. Mtafiti Leonid Kulik alipofika katikati ya msitu ule mwaka 1927, alitarajia kukuta shimo kubwa na bonge la chuma ndani yake. Alikuta miti iliyolala na mingine imesimama wima bila matawi. Shimo hakuna, bonge hakuna. Kwa hiyo leo tumekusanyika hapa Mbozi, mkoani Songwe, kuzunguka Kimondo cha Mbozi, chuma cha tani 12 kilichotoka angani, ambacho siku yake ya kuanguka haijulikani, katika tarehe ya tukio linalojulikana siku na saa yake ila halikuacha jiwe. Mimi naona mkutano huu umepangwa vizuri mno. Mbozi ina jiwe bila tukio, Tunguska ina tukio bila jiwe, na mtu akizielewa zote mbili hatachanganya majina tena.

Waswahili hatuhitaji kufundishwa na mtu kwamba kitu kimoja kinaweza kuwa na majina matatu. Shambani ni mpunga, gulioni ni mchele, sahanini ni wali. Hakuna mtu hapa aliyekula mpunga jana usiku. Mtoto wa darasa la kwanza akisema mama anavuna wali, darasa zima linacheka, na mwalimu anamsahihisha papo hapo. Basi mimi nadai haki hiyo hiyo kwa mawe ya angani.

Mpunga wetu ni mwamba ambao ungali kwenye anga za juu, unalizunguka Jua. Ukiwa mkubwa, unaitwa asteroidi. Ukiwa mdogo, meteoroidi. Mpaka kati ya hayo mawili ulikuwa wa kubishania kwa miaka mingi, hadi mwaka 2017 wataalamu wa vimondo katika Umoja wa Kimataifa wa Astronomia walipouweka kwenye mita 1 hivi, na chini kabisa wakaweka sehemu 30 za milioni za mita. Kilicho kidogo kuliko hapo ni vumbi tu. Mchele wetu ni ule mwanga unaowaka jwaa angani mwamba unapoingia kwenye angahewa. Huo mwanga ndio kimondo. Na wali, kile kinachobaki kikafika chini, ni jiwe la kimondo.

Nawapa mfano mmoja ambapo mwamba mmoja ulionekana katika hali zote tatu, na ni mfano wa Afrika.

Tarehe 6 Oktoba 2008, Richard Kowalski alikuwa akipekua anga kwa darubini ya mradi wa Catalina, kule Arizona, Marekani. Akaona kinukta kinachosogea. Kilikuwa kitu cha upana wa mita 4 hivi, kikaandikishwa kwa jina la 2008 TC3. Hesabu za njia yake zikaonyesha kwamba kabla ya saa 24 kutimia kingeigonga Dunia, juu ya jangwa la Nubia, kaskazini mwa Sudan. Binadamu hakuwa amewahi kuiona asteroidi inayokuja kutugonga kabla haijatufikia. Darubini za nchi mbalimbali zikageuzwa kuitazama, na saa zote hizo kila aliyeiita asteroidi alikuwa sahihi, kwa sababu ilikuwa bado iko kwenye anga za juu, inatembea kimya, haijawaka.

Alfajiri ya 7 Oktoba ikaingia kwenye angahewa kwa kasi ya zaidi ya kilomita 12 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo, kutoka hapa hadi Dar es Salaam haichukui dakika moja na nusu. Hewa iliyo mbele yake haikupata nafasi ya kupisha, ikabanwa, ikachemka, ikawaka pamoja na uso wa mwamba. Rubani wa ndege ya KLM aliyekuwa angani mbali na pale aliuona mmweko. Kwenye kimo cha kilomita 37 mwamba ukapasuka. Hicho ndicho kilikuwa kimondo, na kilidumu sekunde chache tu.

Mwezi Desemba, Dkt. Muawia Shaddad wa Chuo Kikuu cha Khartoum na Peter Jenniskens wa Taasisi ya SETI, ile ya Marekani inayotafuta uhai nje ya Dunia, waliingia jangwani na wanafunzi na wafanyakazi wa chuo wapatao 45. Walijipanga mstari mpana, wakatembea huku wameinamisha vichwa, wakitafuta weusi juu ya changarawe. Wakaupata. Baada ya misafara kadhaa vilikusanywa vipande vipatavyo 600, uzito wake wote ukiwa kilo 10 na ushei, kutoka mwamba uliokuwa na makumi ya tani. Vipande hivyo haviitwi 2008 TC3. Vinaitwa Almahata Sitta, yaani Kituo cha Sita kwa Kiarabu, kwa sababu ndicho kituo cha reli kilicho jirani na mahali vilipookotwa.

Mmeona utaratibu ulivyo? Asteroidi hupewa namba, na baadaye huenda ikapata jina linalopendekezwa na mgunduzi wake. Jiwe la kimondo hurithi jina la mahali lilipopatikana: Mbozi, Mbale, Thika. Kimondo chenyewe hakibatizwi, kwa kuwa kinazimika kabla padri hajachovya kidole majini.

Sasa naomba tuwasahihishe baadhi ya watu, kwa upendo.

Anayesema nyota imeanguka, mwambieni nyota haianguki. Jua letu ni nyota, na kipenyo chake ni mara 109 ya kipenyo cha Dunia. Nyota ikitusogelea, sisi ndio tutakaoiangukia. Kile ulichokiona kikichora mstari angani, mara nyingi ni chembe isiyozidi punje ya mchanga, imewaka kwenye kimo cha kilomita 100 hivi na kwisha huko huko.

Anayesema kimondo kimegonga Mwezi, naye tumsahihishe. Mwezi hauna angahewa ya kumulika chochote. Mwezini hakuna vimondo. Kuna mawe yanayofika bila hodi. Na anayedhani mawe ya vimondo ni ya Duniani peke yake, mkumbusheni kwamba mwaka 2005 gari la utafiti la Opportunity lilikuta bonge la chuma na nikeli juu ya ardhi ya Mars, nalo limeandikishwa rasmi kuwa jiwe la kimondo, jina lake Meridiani Planum.

Na yule anayesimulia kwamba jiwe lilianguka likiwa jekundu kwa moto likachoma nyasi? Huyo nampa kiti akae, maana kosa lake ni la wengi. Jiwe likiwa bado juu sana, hewa inalipunguza mwendo mpaka mwanga unazimika. Kuanzia hapo linadondoka gizani dakika moja au zaidi, kama jiwe lolote lililotupwa kutoka kwenye ndege, likipigwa na hewa baridi. Ule uso ulioyeyuka umeshapeperushwa, na kilichobaki ni ngozi nyeusi ya unene wa milimita moja hivi. Ndani, jiwe bado lina ubaridi wa huko lilikotoka, maana joto la sekunde chache halikupata muda wa kupenya.

Ushahidi wa karibu tunao Uganda. Tarehe 14 Agosti 1992, mchana, mvua ya mawe ya angani ilinyesha mjini Mbale na viunga vyake. Kubwa lilikuwa na uzito wa kilo 27 hivi. Dogo mojawapo, la gramu zisizofika 4, lilidunda kwenye majani ya mgomba na kumpiga kijana mmoja kichwani. Hakuungua, hakuumia. Angesimama chini ya lile la kilo 27 tungekuwa na habari nyingine. Lakini hata hilo kubwa lingemuumiza kwa uzito, si kwa moto. Baada ya pale wapo watu waliosaga vipande vya mawe yale na kuvinywa kama dawa, na ninalisema hili bila kumcheka mtu. Watu walikuwa na wagonjwa nyumbani, kukaanguka kitu kutoka juu, na hakukuwa na mtu karibu wa kuwaambia kwa lugha yao kitu hicho ni nini. Kazi ya kuwaambia ilikuwa yetu sisi tuliosoma.

Niingie sasa kwenye Kiswahili chenyewe. Neno kimondo tumelibebesha mizigo miwili. Kamusi zinalieleza kwa ule mwanga unaopita angani usiku. Tafsiri za Qurani za Kiswahili nazo hulitumia kwa shihabu, ule moto ung'aao unaowafuata mashetani wanaotega masikio mbinguni. Huo ni mwanga pia. Lakini wakazi wa hapa waliliita Kimondo hili dude lenye tani 12, ambalo halijatoa mwanga tangu kabla ya kumbukumbu ya mtu yeyote. Ombi langu kwa walimu na kwa waandishi wa habari ni jepesi: mwanga uendelee kuwa kimondo, na kinachookotwa kiitwe jiwe la kimondo. Habari ikisema kimondo kimekutwa shambani, msomaji mwangalifu ana haki ya kuuliza kama shamba linawaka.

Mtaniuliza, je, tubadilishe kibao cha pale getini? Hapana. Nimelifikiria sana jambo hili. Kimondo cha Mbozi ni jina la pekee, kama jina la mtu, na Bwana Simba hatumwombi athibitishe kuwa ana mkia. Wazee wa hapa walilijua na kuliita hivyo kabla mpima ardhi W. H. Nott hajalitangaza kwa wanasayansi mwaka 1930. Aliyetangulia kutaja jina aheshimiwe.

Ila nikiwa mkali kwelikweli, hata neno jiwe halimtoshi mwenyeji wetu huyu. Msogelee umtazame. Urefu wake ni kama mita 3. Takribani asilimia 90 ni chuma, na sehemu kubwa ya kinachobaki ni nikeli. Kule kwenye ncha yake nyembamba kuna uso bapa, umekatwa. Huo ni mkato wa mwaka 1930: mjiolojia D. R. Grantham alitaka kipande cha kuchunguza, na kwa msumeno wa mkono ilichukua saa nyingi kupata kisehemu chembamba cha sentimita chache, kwa jinsi mchanganyiko wa chuma na nikeli ulivyo mgumu. Ubavuni pana vibonyeo vingi, kila kimoja kinakaribisha kidole gumba. Hivyo ni kazi ya hewa ilipokuwa inakikwangua chuma hiki safarini, siku ambayo kweli kulikuwa na kimondo juu ya kilima hiki cha Marengi. Hakuna shimo lililoonekana lilipoanguka, wala hakuna simulizi ya babu aliyeona. Hilo peke yake linatuambia kwamba ni zamani mno, kiasi cha ardhi kupata muda wa kupona.

Wanafunzi wa Songwe, sasa nawataka masikio yote. Mbozi inajulikana kwa ukubwa. Lakini katika mkoa huu huu, upande wa Momba, kuna Ivuna. Tarehe 16 Desemba 1938 lilianguka jiwe pale, na kipande chake kikubwa kilikuwa na gramu 700 na kitu, uzito wa mtoto kubeba kwa mkono mmoja. Halifanani na Mbozi hata kidogo. Ni jeusi kama mkaa, laini, linamomonyoka, na ndani ya madini yake kuna maji yaliyofungwa tangu mfumo wetu wa Jua ulipokuwa mchanga. Ukiondoa gesi nyepesi kama haidrojeni na heliamu, mchanganyiko wa elementi zake unakaribiana mno na ule wa Jua lenyewe. Mawe ya namna hiyo yaliyopatikana duniani ni machache mno, na wanasayansi wakayatengea kundi lao, linaloandikwa kwa herufi mbili: CI. Herufi ya kwanza ni ya kaboni. Ya pili, I, ni Ivuna.

Kila maabara ya mawe ya angani, iwe Tokyo, London au Houston, ikitaka kupima jiwe lolote, inalilinganisha na kundi lenye jina la kijiji cha Momba. Nimekutana na vijana waliosoma Songwe mpaka kidato cha sita hawajawahi kuambiwa hili. Linaniuma. Kipande kikubwa cha Ivuna kiko katika Makumbusho ya Historia ya Asili mjini London. Kukiona ni shida kwetu, lakini kulijua jina ni bure.

Na sikilizeni lilivyorudi kwenye habari. Desemba 2020 chombo cha Japani, Hayabusa2, kilishusha Australia gramu 5.4 za udongo kutoka asteroidi iitwayo Ryugu. Walipoupima, wakakuta ni ndugu wa damu wa mawe ya CI, ya Ivuna. Hapo likazuka swali ninalolipenda kuliko yote: je, ule udongo wa Ryugu ni jiwe la kimondo? Umetoka kwenye asteroidi, umepita angahewani, umefika ardhini. Jibu ni hapana. Ulipita umefungiwa ndani ya kapsuli, haukuunguzwa, haukufika kwa njia zake wenyewe. Kilichowaka siku ile kilikuwa ngao ya kapsuli. Udongo wa Ryugu ni sampuli, Ivuna ni jiwe la kimondo, na tofauti yao ya kuzaliwa ni kidogo mno kuliko tofauti ya safari zao. Jina linabeba safari. Mwanafunzi akinielewa hapo, mengine yote atayapata mwenyewe.

La Makueni nitalipitia haraka. Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma ya upana wa mita 2.5 na uzito wa kilo 500 hivi ilianguka kijijini Mukuku, Kenya, na watu kadhaa mitandaoni wakaiita kimondo. Shirika la Anga la Kenya likasema inaelekea kuwa pete ya kutenganisha sehemu za roketi. Kitu kilichochongwa na fundi hakiwi jiwe la kimondo hata kikianguka kutoka juu kiasi gani. Hilo lina faida kubwa kwa mwananchi, maana roketi ina mwenyewe, na mwenyewe anaweza kudaiwa fidia. Asteroidi haina wa kumshtaki.

Nimalizie na jambo litakalotufika sote. Kuna asteroidi inaitwa Apophis, upana wake ni mita 340 hivi. Usiku wa kuamkia Jumamosi, 14 Aprili 2029, muda mfupi baada ya saa sita na nusu kwa saa zetu za Afrika Mashariki, itapita kilomita zipatazo 32,000 kutoka uso wa Dunia, chini ya njia ya zile setilaiti zinazoturushia matangazo ya televisheni. Itaonekana kwa macho matupu, bila darubini, na Afrika ni miongoni mwa sehemu zitakazoiona, mawingu yakituruhusu. Umoja wa Mataifa umeshautangaza mwaka 2029 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa kuelimishana kuhusu asteroidi. Haitatugonga: njia yake imepimwa kwa rada, na NASA ilitangaza mwaka 2021 kwamba kwa miaka 100 ijayo, angalau, hakuna hatari.

Lakini najua simu zetu. Wiki ile ujumbe utasambaa kwenye makundi ya WhatsApp: kimondo kikubwa kinakuja, ombeni, tumeni kwa watu kumi. Nawaomba ninyi mlio hapa mjibu kwa neno moja: asteroidi. Kimondo ni kile kinachoingia kwenye hewa yetu kikawaka. Hii haitaingia, haitawaka, itaonekana kama kinukta kinachosogea polepole kati ya nyota, kisha itaendelea na safari yake. Mama mzee aliyeko kijijini akiambiwa kimondo, atalala mlangoni na wajukuu wake amewakumbatia. Akiambiwa asteroidi inapita, na akaelezwa maana yake, atatoka nje kuitazama pamoja nao.

Na kama katika maisha yako utabahatika kuona jiwe limeanguka kweli, usilioshe. Usiligonge nyundo, na usilijaribu kwa sumaku, kwa sababu sumaku yako itafuta kumbukumbu ya usumaku lililokuja nayo. Lipige picha likiwa pale pale, andika saa na mahali, lifunge kwenye mfuko safi mkavu, kisha uwaambie walimu wako, chuo kikuu au ofisi ya madini iliyo karibu. Na ukiandika ripoti, uandike jiwe la kimondo.

Mheshimiwa mgeni rasmi, ahsante kwa nafasi hii. Nimeachiwa dakika chache za maswali, na kwa ruhusa yako naomba wanafunzi waanze.